Fahamu: Vita na mpox vilipokutana Burundi
Burundi ilithibitisha wagonjwa wake wa kwanza wa mpox Julai 2024, na kabla maradhi hayo hayajatulia, vita vya Kivu Kusini, mashariki mwa Kongo, mji wa Bukavu ulipotekwa Februari 2025, vikawavusha mto Rusizi kuingia Burundi makumi ya maelfu ya watu, wengi wakasongamana katika uwanja wa mpira wa Rugombo, ambako ilikuwa vigumu kumtenga mgonjwa. Hapo nafsi hudhurika maradufu: aliyefiwa, ambaye faraja yake ni kukaliwa matanga na kushikwa mkono, huambiwa asiguswe, kwa kuwa mpox huenea kwa kugusana. Kwa majeraha hayo ya nafsi, mjini Bujumbura tegemeo kubwa ni kituo cha maradhi ya akili cha Kamenge, chini ya mabruda wa Kikatoliki. Nasi twaona ni dhuluma fedha za dharura zikihesabu chanjo na mahema, zikamsahau asiyepata usingizi.