Utangulizi: Gitaa la Umeme Lenye Vyumba Ndani

Hii ni fani ambayo kazi yake kubwa haionekani. Gitaa la umeme lililochongwa vyumba ndani, likishafunikwa, mara nyingi huwezi kulitofautisha kwa macho na lile la mbao nzima. Tofauti huijua bega la mpigaji baada ya saa mbili jukwaani. Hoja yangu katika kitabu hiki ni moja: amua kwanza mbao itakayobaki, ndipo uchore itakayoondoka.

Wapigaji wa Marekani wa miaka ya 1930 walifunga pikapu, yaani kifaa kinachonasa mtikiso wa nyuzi, kwenye magitaa yenye uvungu. Bendi ilipopandisha sauti, mawimbi kutoka kwenye spika yaliutikisa mwili wa gitaa, mwili ukazitikisa nyuzi, pikapu ikainasa mitikiso hiyo na kuirudisha kwenye spika, mpaka ukumbi ukajaa mvumo usiokatika. Ili kuupunguza mvumo huo, mnamo mwaka 1940 hivi mpigaji Les Paul alichukua gogo la msonobari, akalifungia shingo, nyuzi na pikapu, kisha akalibandikia ubavuni mabawa ya gitaa lililopasuliwa ili lifanane na gitaa. Mzigo wote ulibebwa na gogo.

Gogo hilo utalikuta kila tutakapokwenda. Gretsch Duo Jet ya mwaka 1953 ilionekana ya mbao nzima, lakini ndani ilikuwa imechongwa sana. Gibson ES-335 ya mwaka 1958 ina kuta nyembamba, na katikati yake umepita mhimili wa mbao ya mepli. Mwaka 1968 Fender ilitoa Telecaster Thinline, iliyobuniwa na Mjerumani Roger Rossmeisl: ubavu umechongwa, katikati pameachwa.

Je, vyumba hubadilisha sauti? Mafundi hubishana, na mimi huwashauri wanafunzi wasiahidi makubwa. Pikapu husoma mwendo wa nyuzi za chuma, haisikilizi hewa iliyo chumbani. Mbao iliyopunguzwa huweza kuathiri jinsi uzi unavyotikisika na kufifia, lakini daraja, pikapu na mkono wa mpigaji vina neno kubwa zaidi. Uzito, kwa upande wake, hauna ubishi. Chukua mwili wa unene wa milimita 44: sakafu 6, chumba 32, kifuniko 6. Vyumba vya pande zote mbili vikiwa na eneo la sentimita 250 za mraba, umeondoa sentimita 800 za ujazo. Kwa mbao yenye gramu 0.55 kwa kila sentimita ya ujazo, kama mkangazi mwepesi, hizo ni gramu 440.

Usizifurahie gramu hizo upesi. Mwili ukipungua mno, shingo na vigingi vyake vinauzidi, na kichwa cha gitaa kinainama kila mpigaji anapoachia mkono wa kushoto. Ndiyo maana nasisitiza mchoro. Piga mstari wa katikati, weka shingo na daraja mahali pake, kisha acha mhimili wa sentimita 9 au 10 kati ya vyumba. Skurubu za daraja zishike mbao nzima, na kitufe cha mkanda vilevile. Ukitaka kuchonga mteremko wa kupumzishia mkono, mahali hapo pasiwe na chumba chini yake, maana msasa utatoboa.

Katika uchongaji wenyewe, jambo dogo linaloharibu kazi nzuri ni biti pana ya drili. Katikati yake pana ncha iliyochongoka inayotangulia makali. Ukipima kina kwenye makali na kushuka mpaka milimita 32, ncha imekwisha kula sakafu, na ikiwa ndefu itachungulia mgongoni. Simama kwenye 28, kisha ruta imalizie zilizobaki kwa kupita mara kadhaa, kidogo kidogo.

Kabla ya gundi, toboa njia za nyaya: kutoka pikapu hadi kwenye vidhibiti vya sauti, kutoka vidhibiti hadi tundu la jeki, na ule waya mwembamba wa ardhi unaokwenda kwenye daraja. Pitisha waya halisi katika kila njia uone unatokea upande wa pili. Piga picha ya vyumba vikiwa wazi, ukiweka rula kando yake, kwa sababu fundi atakayelifungua gitaa hilo miaka 20 baadaye atahitaji kujua wapi aweke skurubu.