Kuchoma Bendera ya Taifa: Je, ni Kosa au ni Usemi?

Wasomaji wetu wajua heshima ipewayo bendera. Hupandishwa asubuhi, hushushwa jua likichwa, na watu husimama kimya wakiitazama. Kwa hiyo mtu akisikia ya kwamba iko nchi kubwa ambayo mwenyeji wake aweza kuitia moto bendera ya taifa lake, asihukumiwe kwa tendo hilo, hushangaa na kuuliza nchi hiyo yatawaliwaje. Nchi yenyewe ni Marekani, wala jambo hilo halikutokea kwa uzembe wa serikali. Liliamuliwa na majaji wa Mahakama ya Juu, watano kwa wanne, yaani lau jaji mmoja angaligeuka, hukumu ingaligeuka pia.

Twaanza na habari ya mwaka wa 1966. Mwezi wa Juni wa mwaka ule James Meredith, mtu mweusi aliyepata sifa kwa kuingia Chuo Kikuu cha Mississippi mwaka wa 1962, kilichokuwa cha wazungu tu, alipigwa risasi njiani akiwa katika matembezi ya kuwatia moyo watu weusi wajiandikishe kupiga kura. Hakufa. Lakini huko Brooklyn, katika mji wa New York, mtu mweusi aitwaye Sidney Street aliisikia habari hiyo katika redio. Mtu huyu alikuwa na bendera ambayo zamani aliitundika siku za sikukuu za taifa. Akaitoa mahali alipoiweka, ingali imekunjwa vizuri, akaenda nayo hata njia panda, akaiwasha kwa kiberiti. Polisi alipofika, hakukana. Alisema kwamba ikiwa wameacha Meredith atendwe vile, hakuna haja ya bendera.

Hapa tungependa msomaji atue kidogo. Watu wengi hudhani kwamba achomaye bendera ni mtu asiyeijali. Twaona sivyo: asiyeijali huipita tu. Street aliiweka bendera ile ikiwa imekunjwa vizuri, na siku aliyoichoma alikuwa akidai deni. Alihukumiwa na mahakama za New York, lakini mwaka wa 1969 Mahakama ya Juu iliitangua hukumu hiyo kwa kuwa huenda aliadhibiwa kwa maneno yake. Kuhusu moto wenyewe majaji hawakukata shauri.

Shauri lilikatwa miaka ishirini baadaye. Mwezi wa Agosti, 1984, chama cha Republican kilifanya mkutano wake mkubwa mjini Dallas, katika jimbo la Texas. Watu yapata mia moja waliandamana kuipinga serikali ya Rais Reagan. Mmoja wao aling'oa bendera katika mlingoti wa jengo moja, akampa mwenziwe, Gregory Lee Johnson. Mbele ya jengo la halmashauri ya mji Johnson akaimwagia mafuta ya taa akaichoma, na wenziwe wakaimba nyimbo za kuitukana nchi. Hakuna aliyejeruhiwa wala kutishwa, ila watu kadha walisema baadaye mahakamani kwamba mioyo yao iliumia sana. Mtu mmoja aliyeshuhudia aliyaokota mabaki ya bendera, akaenda kuyazika nyuma ya nyumba yake. Katika watu wote wale Johnson peke yake ndiye aliyeshtakiwa, na kosa lake lilikuwa moja tu, kukitia unajisi kitu kiheshimiwacho. Akahukumiwa kifungo cha mwaka mmoja na faini ya dola 2,000.

Mahakama kuu ya jinai ya Texas ilimwachilia, na tarehe 21 Juni, 1989, Mahakama ya Juu ikaithibitisha hukumu hiyo. Jaji Brennan ndiye aliyeiandika.

Je, moto ni usemi? Katiba ya Marekani, katika nyongeza iliyotiwa mwaka wa 1791, yakataza Bunge kutunga sheria ya kupunguza uhuru wa kusema. Lakini kusema si kwa ulimi tu. Mwanamke avaaye kanga yenye jina la kumchoma jirani, akapita mlangoni pake taratibu, hakufungua kinywa, na jirani amesikia kila neno. Vivyo hivyo majaji wale walikwisha kuamua, mwaka wa 1969, kwamba wanafunzi wa Iowa waliovaa vitambaa vyeusi mikononi kwa ajili ya vita vya Vietnam walikuwa wakisema, ingawa walikaa kimya.

Majaji wanne waliokataa hawakuwa na hoja dhaifu. Jaji Rehnquist alisema kwamba Johnson aliweza kuitukana serikali kwa njia nyingine elfu, na sheria ilimkataza hiyo moja. Jaji Stevens, aliyetumika katika jeshi la majini wakati wa vita vya pili vya dunia, aliuliza kama mtu aweza kuandika matusi kwa rangi juu ya jengo la kumkumbuka Lincoln kwa kuwa ana neno la kusema. Twakiri kwamba swali hilo ni zito. Illa jengo lile ni mali ya watu wote, na bendera aliyoinunua mtu ni mali yake. Aibaye bendera ya mwenziwe angali mwizi, na Brennan mwenyewe alilitaja jambo hilo.

Lakini hoja iliyotushinda sisi ni nyingine. Kanuni za bendera za Marekani zasema kwamba bendera iliyochakaa iharibiwe kwa heshima, na njia iliyo bora ni kuichoma. Basi mkongwe wa vita aichomaye bendera kuukuu huku akipiga saluti ametenda vema, na Johnson afungwe. Moto ni ule ule, kitambaa ni kile kile. Kilichobaki cha kuadhibiwa ni mawazo ya mchomaji.

Watu walikasirika sana. Majimbo 48 kati ya 50 yalikuwa na sheria kama ya Texas. Bunge likatunga sheria mpya mwaka ule ule, na mwezi wa Juni, 1990, majaji wakaitangua, watano kwa wanne tena. Mmoja wa wale watano, Jaji Scalia, alisema baadaye kwamba lau angekuwa mfalme angewatia gerezani wachomaji wote. Lakini si mfalme. Mwaka wa 2006 Seneti ilijaribu kuibadili Katiba yenyewe. Zilitakiwa kura 67, zikapatikana 66.

Nchi nyingine zimekata vingine. Ujerumani humfunga mtu hata miaka mitatu kwa kuitukana bendera ya taifa. Denmark haikuona haja ya kuilinda bendera yake kwa adhabu, bali imezilinda za mataifa mengine, isije ikagombana na jirani.

Mwezi wa Agosti, 2025, Rais Trump alitia sahihi amri ya kuwaagiza waendesha mashtaka wawaandame wachomaji wa bendera kwa makosa mengine yanayoambatana na tendo hilo, kama kuharibu mali au kuvunja sheria za kuwasha moto. Hukumu ya 1989 haikufutwa kwa amri hiyo, maana rais hana uwezo wa kuifuta.