Somo la Afya: Kumwogesha Mtoto Mwenye Pumu ya Ngozi

Leo tutajifunza kumwogesha mtoto mwenye pumu ya ngozi. Wengine huiita ukurutu.

Tuseme mama mmoja wa Mgeta, juu katika milima ya Uluguru, ana mtoto wa miaka 3. Ngozi ya mtoto imekauka na kukwaruza, hasa ndani ya viwiko na nyuma ya magoti. Usiku hujikuna, halali. Majirani wasema, “Mtoto huyu haogi.” Basi mama humsugua kwa dodoki, maji ya moto na sabuni ya kufulia. Ngozi yazidi kupasuka.

Je, mama huyu ni mchafu? La, sivyo. Ugonjwa huu hautokani na uchafu, wala hauambukizi. Ngozi ya mtoto haiwezi kutunza unyevu wake. Maji ya moto na sabuni kali huondoa mafuta yake, nayo hukauka zaidi.

Sasa fuateni mambo haya matano:

1. Tia maji ya uvuguvugu katika beseni. Yajaribu kwa kiwiko. Yasiwe ya moto, hata katika baridi ya Juni na Julai.

2. Mwogeshe kwa dakika 5 hadi 10. Tumia sabuni laini isiyo na manukato, kidogo tu. Acha dodoki.

3. Mkaushe kwa kitambaa laini, polepole. Usimsugue.

4. Kabla ya dakika 3 kupita, ngozi ingali na unyevu, mpake mwili mzima mafuta mazito ya mgando yasiyo na manukato. Mpake tena kabla ya kulala.

5. Mkate kucha. Mvalishe nguo ya pamba chini ya sweta, maana sufu huwasha.

Ninyi mlioko Morogoro mjini, joto ni jingi na jasho huwasha. Mwosheni mtoto jasho, lakini msisahau mafuta.

Kama mganga ametoa dawa ya kupaka, itumieni kama alivyoagiza. Mkiona usaha, maganda ya manjano au homa, nendeni zahanati upesi. Na ikiwa watu wengine nyumbani wanajikuna pia, huenda ni upele, ambao huambukiza. Nao pia una dawa yake zahanati.

Maswali:
1. Kwa nini maji ya moto hayafai?
2. Mafuta hupakwa wakati gani?
3. Utamwambia nini jirani anayemcheka mama huyu?

Kwaherini, hata somo lijalo.