Laptopu Haiwaki: Kinachostahili Kulipiwa ni Uchunguzi

Laptopu isiyowaka inaweza kuwa na hitilafu ya bei ya chai au ya bei ya mashine nyingine. Mafundi wa Kariakoo jijini Dar es Salaam na wa Luthuli Avenue jijini Nairobi hupokea zote mbili kwa maelezo yaleyale: jana ilikuwa nzima, leo imegoma. Mwenye mali hawezi kuzitofautisha, na kwa hiyo ujuzi wa kuzitofautisha ndiyo bidhaa kuu ya biashara hii. Ajabu ni kwamba ndiyo bidhaa isiyo na bei. Mteja hukubali kulipia spea aliyoiona na pesa ya ufundi juu yake, lakini kupima hukuchukulia kuwa ni bure.

Kupima ni kazi yenye hatua zake. Fundi makini huanza na chaja: nyingi hutoa volti 19 hivi, na multimita humwambia papo hapo kama umeme unafika kwenye ncha. Huchomoa chaja na betri, akabonyeza kitufe cha kuwasha kwa nusu dakika ili chaji iliyobaki ndani iishe, kisha akajaribu tena. Taa ikiwaka na feni ikazunguka huku kioo kikibaki cheusi, anajua umeme unaingia. Hutoa RAM, akasafisha meno yake na kuirudisha, au huunganisha skrini ya nje. Picha ikitokea huko, kosa limebaki kwenye kioo au waya wake. Pasipo dalili yoyote, hufungua mashine na kutafuta, kwenye mazabodi (ubao mkuu wa mashine), volti 3.3 na 5 zinazopaswa kuwepo hata kabla ya mashine kuwashwa. Kapasita moja ya milimita chache ikipiga shoti inatosha kuzizima zote.

Sasa tazama hesabu. Fundi aliyegundua kuwa RAM ililegea ataambulia hela ya soda. Mwenzake aliyetangaza kuwa mazabodi imekufa atauza mazabodi. Malipo yakifuata spea, uaminifu unakuwa hasara, na asiyejua kupima anapata kisingizio cha kubadilisha kifaa kimoja baada ya kingine mpaka mashine iwake au mteja achoke. Dawa ni ada ndogo ya uchunguzi, inayotajwa kabla mashine haijafunguliwa, na karatasi inayoonyesha kilichopimwa na kilichoonekana. Mteja akikubali matengenezo, ada hiyo ikatwe kwenye gharama.

Watakaopinga watasema mteja wa kwetu hatalipa ili aambiwe tu. Lakini mteja huyohuyo hulipia picha ya eksirei kabla hajapewa dawa, kwa sababu anajua dawa ya kubahatisha humgharimu zaidi. Wengine watasema heri kununua laptopu nyingine ya mtumba. Pengine, ila uamuzi huo nao unahitaji uchunguzi: mazabodi ikifa, diski mara nyingi hubaki salama na mafaili yake yanaweza kuokolewa. Kuna pia hoja kwamba mashine mpya, zenye RAM iliyochomelewa kwenye mazabodi, hazitengenezeki. Kwa kweli hoja hiyo inaongeza uzito wa kupima, maana kosa la kukisia sasa linaondoka na ubao mzima.

Hasara ya kukisia haiishii mfukoni mwa mteja. Umoja wa Mataifa ulikadiria kuwa dunia ilizalisha tani milioni 62 za taka za kielektroniki mwaka 2022, na chini ya robo yake ndiyo iliyothibitika kukusanywa na kurejelezwa rasmi. Mashine iliyohukumiwa kimakosa huongeza lundo hilo. Ada ya uchunguzi haitamfanya kila fundi kuwa mwaminifu, lakini itamwezesha aliye mwaminifu kula jasho lake bila kulazimika kuuza spea isiyohitajika.