Umeprinti Ndege, Umekata Vizuri, na Bado Haishikani? Shida Iko Hapa

Ukitoka Nyeri na matatu ya Nanyuki, kabla uingie tao unapita kiwanja cha ndege kando ya barabara. Hapo ndio bro yangu mdogo aliona Cessna Caravan ikitua, akaniambia hiyo ndio project yake ya shule. Ya karatasi, lakini iwe hiyo hiyo, na Jumatatu iwe mezani kwa mwalimu.

Kwetu mimi ndio "injinia", juu nilifanya kozi ya makanika miaka miwili kabla fee ikatae. So nilijua hii ni kazi ya jioni moja. Manze, ndege ya kwanza ilitoka kama ndizi imekanyagwa. Mtoi hakusema kitu, alienda tu kulala. Hiyo iliniuma kuliko ile siku nilibeba boksi langu kutoka hosteli.

Nilirudia, na nikagundua kitu. Shida nyingi za hizi ndege zinaanza kabla ufungue gundi.

Anza na saiba. Ukiacha printa ijipangie saizi, itapunguza picha ndio itoshee karatasi. Sema page moja imetoka 100% na ingine 96%. Pete ya ndani yenye ilifaa kuwa milimita 25 sasa ni 24, na bodi inacheza kama kiatu cha kuazima. Mwambie msee wa saiba aweke 100% kwa page zote, na kabla ulipe, pima na rula ile mistari ya skeli. Pia uliza kama ni printa ya leza. Wino wa ile ingine ukiguswa na gundi mbichi unaenea, na ndege nyeupe inapata madoa ya bluu.

Skeli yenyewe ichague na akili. Caravan ya ukweli, ile Grand Caravan, ina mabawa ya karibu mita 16 toka ncha hadi ncha. Kwa 1:50 hiyo ni kama sentimita 32, na A4 ina urefu wa 29.7. Kumaanisha bawa litakuja vipande viwili, na katikati unahitaji kipande cha kadibodi kinachopita ndani kushika pande zote. Ukiunganisha karatasi kwa karatasi tu, mabawa yatainama kama ya kuku amenyeshewa.

Sasa kitu chenye hakuna mtu huambia mbogi: manila iko na nyuzi, na zinalala upande mmoja. Chukua karatasi tupu, ikunje polepole bila kuvunja, kwa urefu halafu kwa upana. Kuna upande itakubali na mwingine itabisha. Bodi ya ndege ni kama bomba, na nyuzi zinafaa kulala kufuata urefu wa hilo bomba. Ukizikata kinyume, karatasi inavunjika mikunjo midogo midogo na bodi inakuwa na kona badala ya kuwa mviringo. Hapo ndio yangu ya kwanza ilikufia. Nilikuwa nikilaumu gundi.

Lakini gundi pia ina mambo yake, hasa huku kwetu. Julai Nyeri ni baridi na manyunyu, karatasi inavuta unyevu, na gundi nyeupe nayo ni ya maji. Ukipaka kama siagi, bawa linajikunja. Tumia kijiti cha meno, paka kidogo, upande mmoja, halafu lilaza bawa chini ya vitabu vizito hadi asubuhi. Usilikaushe kando ya jiko. Nilijaribu, na lilijipinda kama chapati. Super glue nayo iweke mbali: inaingia kwa karatasi, inaacha doa, na ukikosea milimita moja hakuna kurudi.

Kabla ya gundi yoyote, panga kila kitu kikavu. Pete ikikataa kuingia kwa bodi, usiisukume, isugue na msasa kidogo kidogo. Ikiwa ndogo, zungushia ukanda mwembamba wa karatasi. Mahali pa kukunja, pitisha kwanza biro imekwisha wino ukifuata rula, mkunjo utatoka umenyooka. Mabawa ya Caravan yako juu ya bodi, na kila moja lina mkono unaoshuka kulishikilia. Weka hiyo mikono mwisho, na uitumie kusawazisha. Bawa moja likiwa chini, fupisha mkono wa upande ule mwingine kabla gundi ishike.

Kama unataka F-5, zile za jeshi zinazopasua masikio Nanyuki, subiri. Pua yake imechongoka na mabawa ni membamba, itakutoa machozi. Na kama unafikiria kujenga ya chuma, kuna Gabriel Nderitu, jamaa wa IT wa Nyeri, aliyejijengea ndege nyumbani akisoma kwa intaneti. Hiyo ni ligi ingine.

Ngori ya mwisho tuliiona Jumapili usiku. Ndege imekauka, imenyooka, tukaiweka mezani, ikakalia mkia, pua juu. Ina gurudumu moja mbele na mawili nyuma, so uzito ukizidi nyuma inaanguka hivyo. Hata Caravan za ukweli huwekewa nguzo chini ya mkia zikipakiwa mizigo. Dawa ni kuweka uzito kwa pua kabla uifunge, lakini sisi tulikuwa tushaifunga. Nilifungua pua na wembe, mikono ikitetemeka, nikaingiza sarafu mbili za kumi, nikaifunga tena.

Ikashuka, ikasimama na magurudumu matatu. Mtoi akaiangalia, akasema, "Kumbe fare ni mbao."