Mchezo wa Redio na Sikio la Mhakiki

Tarehe 15 Januari 1924, BBC ilirusha hewani kutoka London mchezo mfupi wa Richard Hughes, A Comedy of Danger, ambao aghalabu hutajwa kuwa mchezo wa kwanza wa Uingereza kuandikwa mahususi kwa ajili ya redio. Tukio lake ni mgodi wa makaa ya mawe huko Wales: wageni wanaotembezwa chini ya ardhi wanazimikiwa na taa, kisha maji yanaanza kupanda. Hughes, kijana wa miaka 23, aliliona tatizo la redio akaligeuza kuwa kisa. Ikiwa msikilizaji haoni, basi wahusika nao wasione. Makaa ya mawe yapo Mbinga pia, katika mgodi wa Ngaka ulioanza uzalishaji mwaka 2011, lakini pale huchimbwa juu ya ardhi, jua likiwaka. Msikilizaji wa Mbinga angelazimika kulijenga giza la Hughes kichwani mwake. Na wasikilizaji wengi wa London, ambao hawakuwahi kushuka mgodini, walifanya vivyo hivyo.

Uhakiki haukuikubali sanaa hii mara moja. Redio za mwanzo zilikuwa zimezoea kutangaza michezo ya jukwaani, kwa hiyo mchezo wa redio ulipimwa kwa mizani ya jukwaa na kuonekana kuwa jukwaa lililopofuka. Aliyeipindua hoja hiyo kwa uthabiti ni Rudolf Arnheim, Mjerumani ambaye kitabu chake kuhusu redio kilitoka kwa Kiingereza mwaka 1936, kikiwa na sura nzima ya kuusifu upofu huo. Kwake, sauti peke yake ni ulimwengu kamili. Hata hivyo alizidisha alipotaka msikilizaji asijichoree picha yoyote akilini. Masikio ya watu hayatii amri ya namna hiyo.

Tanganyika ilipata redio yake mwaka 1951. Hiyo ndiyo Sauti ya Dar es Salaam, ambayo mwanzoni ilisikika mjini na viungani tu. Mwaka 1956 likafuata Shirika la Utangazaji la Tanganyika, na mwaka 1965 Radio Tanzania Dar es Salaam. Matangazo yake ya ndani yalikuwa kwa Kiswahili, wala si kwa lugha za makabila. Kwa Mmatengo wa milimani, mkulima wa kahawa na wa mashimo ya ngoro, wahusika wa mchezo wa redio walizungumza lugha ambayo hakuinyonya kwa mama yake.

Ufukweni hali ilikuwa na utata zaidi. Misheni ya UMCA, yenye makao yake katika kisiwa cha Likoma, ilieneza Kinyanja makanisani na shuleni. William Percival Johnson, aliyetafsiri Biblia kwa lugha hiyo, alifariki Liuli mwaka 1928. Mawimbi ya redio hayaulizi pasipoti. Baada ya Malawi kupata shirika lake la utangazaji mwaka 1964, mtu wa Mbamba Bay aliyekijua Kinyanja angeweza kuzungusha kitufe akafuata Kapalepale, vichekesho vya Kichewa, kisha akarudi kwa Pwagu na Pwaguzi wa Dar es Salaam, ambao majina yao yanatokana na methali, "Pwagu hupata pwaguzi." Anayeandika juu ya "msikilizaji wa Tanzania" kana kwamba ni mmoja hajafika ziwani.

Je, Kiswahili kinampa nini mtunzi wa redio? Kwanza, maamkizi. "Shikamoo, shangazi" ikijibiwa "Marahaba," msikilizaji amekwisha kupokea umri, heshima na udugu bila msimulizi kuingilia. Pili, tanakali: "chubwi" moja inatosha kumzamisha mtu ziwani. Lakini vionyeshi ni mtego. Jukwaani mwigizaji akisema "Ule pale!" kidole chake humaliza sentensi. Redioni upatanisho wa u- unabana uwezekano tu: ni mtumbwi, mwamba, au moto? Mtunzi dhaifu huponyoka kwa kuwafanya wahusika waambiane mambo wanayoyaona wote wawili, na hapo mchezo hufa. Mtunzi hodari hulitaja jina mapema, akauacha upatanisho ufanye kazi iliyobaki.

Mambo haya hayakushughulikiwa sana na wahakiki wetu. Kinjeketile ya Ebrahim Hussein, iliyochapishwa mwaka 1969, iliingia darasani kwa sababu ilikuwa kitabu. Mchezo wa redio ulipita na upepo. Kampeni kubwa za redio, hasa Mtu ni Afya ya mwaka 1973 iliyoshirikisha watu wazima wapatao milioni 2, zilizoesha swali moja tu: kipindi kimefundisha nini?

Swali hilo lilikomaa katika Twende na Wakati, mchezo ulioanza Radio Tanzania mwaka 1993. Everett Rogers na wenzake waliupima athari zake katika uzazi wa mpango, wakiifanya Dodoma eneo la ulinganisho, kwa kuwa mchezo haukutangazwa huko hadi mwaka 1995. Utafiti huo ni wa kuheshimiwa. Lakini jambo linalomvuta mwanaisimu ni jingine: jina la Mkwaju, dereva wa lori mwenye wanawake wengi, lilitoka redioni likaingia katika mazungumzo ya watu kama onyo kwa mwanamume mhuni. Fundi Mitindo, mhusika aliyetungwa ili aigwe, hakupata bahati hiyo.

Kwa nini mwovu ndiye aliyeingia katika lugha? Swali hilo halijibiwi kwa hojaji ya uzazi wa mpango. Wazee wa Liuli, Lituhi na Mbamba Bay waliokuwa watoto redio ilipofika wanazidi kupungua mwaka hadi mwaka. Wangali wanaweza kuulizwa redio ilikaa nyumba ya nani, nani aliwafasiria wengine maneno magumu, na ni sauti ya mhusika yupi ambayo hadi leo wanaweza kuiga.