Fahamu: Shelisheli inavyounganisha wizara zake dhidi ya mabadiliko ya tabianchi

Shelisheli ina visiwa 115 na watu zaidi ya laki moja. Eneo lake la bahari, hata hivyo, ni takriban kilomita za mraba milioni 1.35.

Kwa nini uratibu ni mgumu?
Chukua ufukwe wa Anse Kerlan, kisiwani Praslin, unaomegwa na mawimbi. Mazingira yana wizara yake, lakini barabara, hoteli, uvuvi na bajeti viko chini ya wakubwa wengine. Na katika serikali ndogo, maofisa walewale wachache ndio wanaohudhuria mikutano ya kimataifa, kuandika ripoti na kupokea wafadhili.

Walifanyaje?
Walianza na ramani moja. Mwaka 2014 mpango wa matumizi ya bahari uliwaweka meza moja wavuvi, watu wa utalii, bandari na wahifadhi. Kufikia 2020, asilimia 30 ya bahari hiyo ilikuwa imetangazwa kulindwa.

Fedha zilitoka wapi?
Sehemu ya deni la nje, takriban dola milioni 21, ilibadilishwa kuwa fedha za kuhifadhi bahari, kwa msaada wa shirika la The Nature Conservancy. Marejesho yake huingia katika mfuko wa SeyCCAT, ulioundwa kwa sheria mwaka 2015. Mwaka 2018 ikaja hatifungani ya buluu, yaani mkopo kutoka kwa wawekezaji kwa ajili ya miradi ya bahari, ya dola milioni 15, ya kwanza duniani kutolewa na serikali.

Funzo ni lipi?
Wizara ya mazingira peke yake haitoshi. Wizara ya fedha isipokuwemo tangu mwanzo, mpango hubaki kabatini.